Misuli ya utando wa mpira: kwa nini haikutikisika kwa betri ya volti 12

Swali: "Mimi ni fundi wa redio na simu, niko Tanga. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na vidole vya mkono wake wa kulia vimejikunja; havifunguki mpaka asaidiwe. Niliona video ya utando wa mpira uliopakwa kitu cheusi ukitanuka na kurudi kwa umeme, bila mota wala gia, nikaona hicho ndicho ninachohitaji ili nimtengenezee glavu ya kumfungulia vidole. Nilikata glavu ya hospitali, nikaipaka unga wa penseli pande zote mbili, nikaunganisha betri ya volti 12. Haikutikisika. Nikajaribu chaja ya kompyuta mpakato, volti 19, ikawa vilevile. Rafiki yangu anasema umeme ni mdogo, nitumie transfoma ya oveni ya maikrowevu iliyokufa, ambayo ninayo hapa dukani. Je, tatizo ni umeme au ni aina ya mpira? Kuna polima maalumu inayofanya kazi kwa volti ndogo? Na kazi hii inawezekana kwa fundi wa mtaani?"

Jibu:

Ndugu fundi, pole sana kwa kuuguza, na mfikishie mama salamu zangu. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja na nitayajibu yote, lakini kabla ya lolote naomba transfoma ile ya maikrowevu uiondoe mezani. Hutoa takribani volti 2,000 pamoja na mkondo unaoweza kufika mamia ya miliampea, wakati makumi machache ya miliampea yakipita kifuani yanatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Kapasita inayofuatana nayo, ambayo mara nyingi ni ya karibu mikrofaradi 1, inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Ninaowahofia zaidi katika jambo hili ni mafundi hodari kama wewe, kwa sababu mkono uliozoea sakiti za volti 5 na 12 umeshazoea kugusa sakiti ikiwa hai.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Volti zako kweli ni ndogo mno, ila mkondo hauhitajiki karibu hata kidogo. Watu wengi wanaoanza kazi hii huchanganya mambo hayo mawili kwa sababu yote huitwa "umeme", kisha hutafuta chanzo chenye nguvu nyingi, wakati kinachotakiwa ni volti nyingi zenye mkondo hafifu kabisa.

Dhana nyingine ya kuirekebisha ni kwamba mpira ule wa kwenye video una akili fulani ndani yake, kwamba ukipewa umeme unajua kutanuka. Hauna. Kile ulichokiona ni kapasita, kifaa unachokibadilisha kila siku kwenye redio, isipokuwa kihami chake, yaani kitu kisichopitisha umeme kilicho katikati ya bamba zake mbili, ni laini na bamba zenyewe zinavutika. Ukiichaji kapasita yoyote, chaji chanya za upande mmoja na chaji hasi za upande wa pili huvutana, na kihami kilicho katikati hubanwa. Katika kapasita ya kawaida kihami ni kigumu, kwa hiyo hakuna kinachoonekana. Kihami kikiwa mpira laini, hubanwa na kuwa chembamba, na kwa kuwa mpira haupunguzi ujazo wake kwa kubanwa, kilichopungua kwenye unene lazima kitokee kwenye upana. Zaidi ya hapo, chaji za aina moja zilizosambaa juu ya uso mmoja zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, nazo zinachangia kuutanua utando. Ukiitoa chaji, mpira unarudi kwa unyumbufu wake. Hakuna joto linalohusika, na utando ukishajaa chaji hakuna mkondo unaopita, ukiacha ule mdogo sana unaovuja.

Jambo hili si geni. Wilhelm Röntgen, yuleyule aliyegundua eksirei mwaka 1895, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1880 kwamba ukanda wa mpira uliofungiwa uzito hubadilika urefu ukitiwa chaji na kuondolewa. Lilikaa hivyo kama ajabu ya maabara mpaka mwaka 2000, ambapo Ron Pelrine na wenzake wa taasisi ya utafiti ya SRI International, huko California, walionyesha kwamba utando wa akriliki ukivutwa kwanza na kubanwa kwenye fremu unaweza kutanuka kwa zaidi ya asilimia 100. Video unazoziona leo, nyingi ni wajukuu wa jaribio hilo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha kwa nini glavu yako haikutikisika. Kanieneo inayoubana utando hupatikana kwa kuzidisha 8.85 × 10⁻¹² kwa kipimo cha uwezo wa kihami kushika chaji, ambacho nitakiita K, kisha kwa mraba wa uga wa umeme. Uga huo ni volti ulizoweka ukizigawa kwa unene wa utando. Glavu ya hospitali ina unene wa takribani milimita 0.1, yaani mikroni 100, na K ya mpira wa kawaida ni kama 3. Weka volti 12: uga ni volti 120,000 kwa mita, ambao kwa masikio unatisha, lakini kanieneo inayotokea haifiki hata nusu paskali. Karatasi moja ya A4 ikilala mezani inaikandamiza meza kwa karibu paskali 0.8. Kwa hiyo ulikuwa unaubana mpira kwa nguvu isiyofikia ile ya karatasi iliyolazwa juu yake, na mpira wenyewe una ukakamavu wa takribani paskali milioni moja. Kwa volti 19 ulifika karibu paskali 1. Mpira ulitanuka, kwa kweli, ila kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kamwe.

Angalia tena hiyo kanuni, kwa sababu ndani yake kuna neno moja lenye uzito kuliko mengine yote, nalo ni mraba. Ukizidisha volti mara kumi, kanieneo inapanda mara mia. Ukipunguza unene mara kumi, inapanda mara mia vilevile. Chukua utando wa akriliki wenye unene wa mikroni 62 na K ya karibu 4.5, uupe volti 2,000: kanieneo inafika paskali 40,000 hivi, mara laki moja ya ile uliyoipata wewe. Akriliki hiyo pia ni laini mara kadhaa kuliko mpira wa glavu. Hapo ndipo utando unaanza kusogea mbele ya macho. Na kwa kuwa mraba haujali alama, hata ukigeuza chanya na hasi utando utatanuka vilevile, hautasinyaa.

Kuhusu polima ya volti ndogo, ipo, lakini ni kitu kingine kabisa. Kuna utando wa polima inayopitisha ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji, uliopakwa metali kama platinamu pande zote mbili, ambao hujikunja kwa volti 1 hadi 5 tu. Unafanya kazi kwa ioni na maji kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo unataka uwe na unyevu muda wote, ni wa polepole, nguvu yake ni ndogo sana, na vifaa vyake ni ghali. Kwa mkono wa mama haukufai. Njia nyingine ni kuufanya utando wa kawaida uwe mwembamba zaidi: ukiufikisha mikroni chache, mamia ya volti hutosha. Maabara zinafanya hivyo, ila utando mwembamba kiasi hicho huharibiwa na chembe moja ya vumbi, na sioni namna ya kuutengeneza juu ya meza ya duka.

Glavu nayo ina matatizo yake yenyewe. Hutengenezwa kwa kuchovya, unene wake si sawa kila mahali, na kiwandani kiasi fulani cha glavu zenye vitundu visivyoonekana kinaruhusiwa kupita. Kwa kazi ya daktari hilo lina mipaka yake inayokubalika. Kwa maelfu ya volti, kitundu kimoja ni mwisho wa habari. Kama ile yako ilikuwa ya nitrili, zile za bluu au nyeusi, ujue pia kwamba nitrili huvujisha chaji zaidi ya lateksi. Wengine hukimbilia silikoni ya bomba ya kuzibia vioo. Hiyo hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, hutoa asidi yenye harufu ya siki, hubaki na viputo, na kuisambaza kwa unene ulio sawa ni kazi isiyokwisha. Silikoni inayofaa ni ile ya kuchanganya sehemu mbili, ya kutengenezea kalibu, ikimwagwa kwenye kioo kilicho sawasawa na kusawazishwa kwa ukingo ulionyooka. Hata hivyo, anayeanza nampa ushauri mmoja: tumia mkanda wa gundi ya akriliki wa 3M unaoitwa VHB 4910. Ni ule ung'aao kama kioo, wenye unene wa milimita 1, unaonata pande mbili. Usikubali kuuziwa ule wa kijivu au mweupe wenye sponji ndani.

Kipande cha mkanda huo chenye sentimita 5 kwa 5 kivute polepole kila upande mpaka kifike sentimita 20 kwa 20, kisha ukibandike kwenye fremu ya plastiki ngumu au ya mbao iliyopigwa msasa, chenyewe kitanata. Umevuta mara nne kwa mapana na mara nne kwa marefu, kwa hiyo unene umegawanywa kwa 16, na ule wa milimita 1 umekuwa mikroni 62. Kuvuta huku si kwa ajili ya kupunguza unene tu. Utando ambao haukuvutwa una ugonjwa wake: ukianza kubanwa unakuwa mwembamba, ukiwa mwembamba uga unapanda, uga ukipanda unabanwa zaidi, na mzunguko huo hukimbia wenyewe mpaka utando unatoboka. Kuuvuta kwanza huufanya ukazike kadiri unavyotanuka, na ukakamavu huo ndio unaouzuia usikimbie. Ukishaubandika, uache upumzike kwa saa moja au zaidi, kwa sababu akriliki hii ina tabia ya kuendelea kujinyoosha taratibu muda mrefu baada ya kuvutwa.

Kazi ya upakaji inahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Kata karatasi yenye tundu la duara la sentimita 4, iweke katikati ya utando, paka upande wa juu, kisha geuza fremu na upake upande wa chini mahali palepale. Kila duara liwe na mkia mwembamba wa kupitishia waya hadi kwenye fremu, na mikia hiyo ielekee pande zinazopingana, isikutane popote. Usiache weusi ukaribie ukingo: hewa kavu huvunjika kwa takribani volti 3,000 kwa kila milimita, na juu ya uso mchafu cheche hukimbia mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo sentimita moja au zaidi ya eneo tupu ni jambo la lazima. Kwa mkia kufika kwenye waya tumia ukanda wa karatasi ya alumini, si waya mtupu wenye ncha, maana ncha hukusanya uga na kutoboa.

Cha kupaka ni nini? Unga wa penseli umechanganyika na udongo wa mfinyanzi, na HB ina udongo mwingi. Kama huna kingine, tafuta penseli laini ya 6B au 8B. Bora zaidi ni unga wa grafaiti wa kulainishia kufuli, uliopakwa kwa brashi laini, au grisi ya kaboni inayouzwa kwa mafundi wa elektroniki. Usivunje betri kavu za tochi kwa ajili ya kazi hii. Ule weusi uliozunguka kijiti cha katikati una oksidi ya manganizi na chumvi zinazokula metali, haufai. Wala usisumbuke kutafuta kipakwa kinachopitisha umeme vizuri. Duara lako lina uwezo wa takribani nanofaradi 0.8. Hata kipakwa kikiwa na ukinzani wa omu milioni moja, litajaa chaji ndani ya milisekunde chache, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuatilia. Linalotakiwa ni kipakwa kisikatike kinapovutika, ndiyo maana rangi ya fedha au karatasi ya alumini, ingawa zinapitisha umeme vizuri mno, hazifai: zinapasuka au zinaukaza utando.

Tumefika kwenye chanzo cha umeme. Maabara hutumia moduli ndogo zinazopokea volti 5 na kutoa hadi volti 5,000 kwa mkondo wa takribani mikroampea 100. Ni salama zaidi kuliko njia nyingine yoyote, na bei yake ndiyo kikwazo. Kitu cha karibu nayo ambacho bila shaka umeshawahi kukifungua ni raketi ya kuulia mbu. Ndani yake mna transfoma ndogo na msururu wa diodi na kapasita unaoongeza volti, na nyingi hutoa kati ya volti 1,000 na 3,000. Kwa utando wa mikroni 62 kiwango hicho kinatosha kuonyesha kazi. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui: chaja iliyomo ndani ya raketi za bei nafuu mara nyingi haina transfoma ya kuitenganisha na umeme wa ukutani, inashusha volti kwa kapasita tu. Raketi ikiwa kwenye soketi, sehemu zake zote zinaweza kuwa na umeme wa nyumba moja kwa moja. Kwa hiyo ifanye kazi kwa betri yake peke yake, haijachomekwa popote, kwa hali yoyote ile.

Kati ya chanzo na utando weka ukinzani wa karibu megaomu 10. Usitumie rezista moja, kwa kuwa rezista ya kawaida ya robo wati hustahimili takribani volti 250 tu. Unga mfululizo rezista 20 za kiloomu 470, zilale mbalimbali, zifunikwe kwa bomba la plastiki. Kwa volti 2,000, hata utando ukitoboka au ukagusa waya, mkondo hautazidi mikroampea 215 hivi kupitia njia hiyo. Kwa kulinganisha, utando wako ukiwa umejaa una nishati ya milijuli 1.6, ilhali kapasita ya maikrowevu kwa volti hizohizo ina juli 2, zaidi ya mara elfu. Mita yako ya kawaida, ambayo mwisho wake ni volti 600 au 1,000, usiichomeke hapo. Fanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine nyuma ya mgongo. Usiwe peke yako. Na kila ukizima, unganisha pande mbili za utando na za kapasita ya raketi kwa fimbo yenye mpini wa plastiki iliyofungwa rezista, kabla ya kugusa chochote. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo asikae karibu.

Ukibonyeza swichi, duara jeusi litakua. Si kwa kishindo. Ukingo wake unatambaa nje kwa milimita moja au mbili, na ukiendelea kubonyeza utaona unaendelea kujongea taratibu kwa sekunde nyingi, kwa kuwa akriliki ni nzito wa mwendo. Piga picha kabla na baada ukiwa na rula kwenye fremu, kisha ulinganishe, usiamini jicho. Ukiona mikunjo midogomidogo inajitokeza kwenye weusi, zima: utando umeanza kukimbia kama nilivyoeleza, na kinachofuata ni mlio wa "tik", cheche, na tundu linalofunguka ghafla kwa sababu utando umevutwa. Karibu kila utando wa mwanzo hufa namna hiyo. Ukiangalia tundu lilipo utajua kosa: likiwa katikati, ni vumbi au kiputo, likiwa kwenye ukingo wa duara, upakaji ulikuwa na ncha au ulikuwa mnene upande mmoja, likiwa penye karatasi ya alumini, kona yake haikukunjwa.

Kwa kuwa uko Tanga, unyevu nao utakuwa mgeni wako wa kila siku. Maji juu ya uso wa utando na fremu huwapa chaji njia ya kuvujia, na raketi, ambayo mkondo wake ni hafifu, huishiwa volti bila wewe kujua kwa nini. Kwa silikoni imeonekana pia kwamba utando unaokaa muda mrefu chini ya volti isiyobadilika hudumu muda mfupi zaidi hewa ikiwa na unyevu. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke, na ujaribu mchana wa jua badala ya asubuhi yenye umande.

Baada ya yote hayo, je, misuli hii itafungua vidole vya mama? Hapana, na afadhali niseme wazi kuliko nikuache utumie pesa. Chukua ukanda wa utando wenye upana wa sentimita 2. Unene wake ni mikroni 62, kwa hiyo eneo la mkato ni milimita za mraba 1.25 tu. Zidisha na paskali 40,000 unapata nguvu ya nyutoni 0.05, sawa na uzito wa gramu 5. Vidole vilivyokazwa na kiharusi vinahitaji nyutoni kadhaa, pengine zaidi. Ungelazimika kupanga tabaka mia moja au zaidi, kila moja bila kitundu hata kimoja, kisha uzifunge kwenye mkono wa mgonjwa zikiwa na maelfu ya volti juu ya ngozi yenye jasho. Hata walio na maabara kamili walikutana na ukuta huo: mwaka 2005 huko San Diego yalifanyika mashindano ya kusukumana mikono kati ya mashine zenye misuli bandia ya polima na binti wa sekondari, na mashine zote tatu zikashindwa. Moja kati yao, iliyotoka taasisi ya EMPA ya Uswisi, ilitumia utando wa aina hii uliokunjwa kama msokoto. Teknolojia imesonga mbele tangu wakati huo, na leo utando huu hurusha viroboti vidogo kama wadudu, lakini nafasi yake bora imebaki kwenye vitu vyepesi, vya haraka na vidogo: vali, pampu ndogo, vipaza sauti, vitu vya kutetemesha.

Kuna misuli mingine utakayokutana nayo ukitafuta. Ile ya mifuko ya plastiki yenye mafuta, iliyotangazwa mwaka 2018 na kundi la Christoph Keplinger la Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ina nguvu zaidi, ila inataka kilovolti nyingi zaidi, na tafadhali usiijaze mafuta ya transfoma za umeme yanayouzwa kichinichini mitaani. Yale ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zenye sumu zinazokaa mwilini miaka. Ya pili inavutia zaidi kwa mtu wa pwani: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas na wenzao walionyesha kwamba mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki ukisokotwa mpaka ujikunje kama springi, ukipashwa joto hujifupisha kwa nguvu kubwa sana kulinganisha na uzito wake. Ni rahisi, na volti 12 zinatosha kupasha waya uliozungushiwa humo. Tatizo ni joto lenyewe, ambalo hupita nyuzi 100 za Selsiasi, na polepole yake ya kupoa. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa amepoteza hisia kwenye mkono ule, akaungua bila kujua. Usimvishe mama.

Kwa glavu ya kumfungulia vidole, kinachofaa kwa fundi wa kiwango chako ni mota ndogo ya servo iliyofungwa kwenye mkono wa juu, ikivuta nyuzi zinazopita mgongoni mwa vidole, yenye kikomo cha nguvu na kitufe cha kulegeza papo hapo. Haipendezi kama utando, lakini inafanya kazi kwa volti 6. Hata hiyo usianze kuijenga kabla mama hajaonwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu vidole vilivyojikunja baada ya kiharusi vina sababu zaidi ya moja. Vikiwa vimekazwa na misuli inayopokea amri mbaya kutoka kwenye ubongo, kuvivuta kwa haraka huvikaza zaidi. Vikiwa vimefupika kano, kuvilazimisha kunaweza kuumiza kiungo. Huenda akahitaji kwanza bamba la kuvinyoosha usiku, na mafundi wa vifaa vya aina hiyo wapo. Kituo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ndicho kinachowafundisha. Mkono ukivimba, ukipata joto, ukibadilika rangi au ukianza kuuma upya, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na ukitaka kujaribu utando wa kilovolti kwa ajili ya kujifunza, fanya hivyo katika karakana ya chuo cha ufundi au maabara ya fizikia, mbele ya mwalimu wa umeme mkubwa mwenye vifaa vya kupimia volti hizo. Vyuo vingi haviwafukuzi mafundi wanaokuja na swali lililoandaliwa.

Lakini utando huohuo una kazi moja unayoweza kuanza nayo leo dukani, bila hatari yoyote, na itakayomsaidia mama kweli. Kapasita inayovutika hubadilisha uwezo wake wa kushika chaji kadiri inavyovutwa: ukanda ulionyooshwa kwa asilimia 20 kwa urefu huongeza uwezo wake kwa karibu asilimia 20. Hilo hupimwa kwa volti 5 au chini ya hapo, kwa Arduino (bodi ndogo ya elektroniki inayoprogramiwa) na rezista moja. Tengeneza ukanda wa silikoni wenye grisi ya kaboni pande mbili, ufunike tabaka jingine la silikoni nje, uushone mgongoni mwa glavu ya kitambaa juu ya kidole cha shahada. Kidole kikijikunja ukanda unavutika na namba inapanda, kikinyooka inashuka. Mtaalamu wa fiziotherapia akimpa mama mazoezi ya kufungua mkono, utaweza kumwonyesha kwa daftari kidole kimefunguka kiasi gani kila siku, na wakati uleule utakuwa unajifunza kumwaga utando usio na viputo na kupaka kaboni isiyokatika. Anza na ukanda mnene wa nusu milimita, urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 1, kwa sababu huo hauchaniki ovyo, na tumia waya zilizofumwa kwa nyuzi nyingi badala ya waya mmoja mgumu, maana penye kiungo cha waya na mpira ndipo kila kitu huvunjika kwanza.